Hati tatu, bili moja

Mama Masijala, habari za huko Kisumu?

Mimi ni mtoto wa pili kati ya watatu, na ninakuandikia kutoka Free Area, hapa Nakuru. Baba yetu alikuwa mtu wa reli. Alinunua nusu ekari hapa zamani, wakati watu walimcheka kwamba amenunua vumbi. Mwaka 2019, akiwa bado na nguvu zake, alimwita soroveya akatugawia. Kaka mkubwa alipata thumuni ya ekari upande wa mbele, inayotazama barabara. Mimi nilipewa thumuni iliyo nyuma yake. Mdogo wetu alipewa kipande kilichobaki, robo ekari, chenye nyumba ya wazazi, kwa sharti kwamba mama atakaa hapo mpaka Mungu amwite. Tulitia saini, tukatoa picha za pasipoti, kila mtu akapata hatimiliki yake. Baba alifariki 2021 akijua amemaliza kazi.

Kumbe kuna kitu hakikumalizwa. Kodi ya ardhi ya kaunti inakuja moja tu, kwa namba ya zamani na kwa jina la baba. Nililipa mimi mwaka 2020, 2021 na 2022, shilingi 12,000 kila mwaka, kwa sababu karatasi za baba zilikuwa kwangu na mimi ndiye mwoga katika familia. Kaka amejenga ghorofa, ana wapangaji kumi na wawili. Nikimwambia alete fungu lake ananiambia, "Hiyo bili ni ya mzee, si yangu. Soma jina." Mdogo wangu ameolewa Kitale, hutuma elfu mbili akikumbuka. Mwaka 2023 nilikasirika, nikaacha kulipa. Sikumwambia mtu.

Mwezi wa kumi na moja nilienda kuomba mkopo kwenye sacco yetu nijenge kidogo, hata vyumba vinne. Wakataka hatimiliki kama dhamana, na cheti cha kuonyesha sidaiwi kodi ya ardhi. Nikaenda dirishani. Karani, kijana mpole kabisa, akaandika namba ya ploti yangu, skrini ikakaa kimya. Akaandika namba ya baba, skrini ikajaa: 2023, 2024, 2025, pamoja na riba, jumla Sh51,400. Akaniambia ploti yangu haijulikani kwao, niombe rekodi ya uthamini igawanywe. Mama, nilibaki nimeduwaa. Kwani soroveya aligawa nini?

Niliporudi nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi. Kaka anasema hatasaini chochote, kwamba tukigawa kila mmoja ataletewa bili kubwa kama ile ya sasa, na kaunti itakuja kuhesabu ghorofa zake. Baba mdogo anasema lazima twende kortini kwanza kufungua mirathi, kwa sababu jina ni la marehemu. Mama yangu anasema nisimwaibishe kaka kwa sababu ya karatasi.

Naomba kujua: naweza kuomba peke yangu? Hilo deni ni la nani? Na zile 36,000 zangu zimezama, ama bado zinaelea?

Wa Kipande cha Nyuma,
Nakuru


MAMA MASIJALA ANAJIBU

Binti yangu, soroveya aligawa ardhi. Kodi hakuigawa, na wala haikuwa kazi yake.

Watu wengi hudhani serikali ina kitabu kimoja kikubwa ambamo kila ploti imeandikwa, ukibadilisha ukurasa mmoja kila kitu kinabadilika. Vitabu ni viwili, na havikai nyumba moja. Cha kwanza ni rejista ya msajili wa ardhi, chini ya wizara ya serikali kuu. Humo baba yenu alifunga namba yake, zikafunguliwa namba tatu mpya, mkapewa hati. Cha pili ni orodha ya uthamini, kitabu cha kaunti, kwa sababu Katiba, kifungu cha 209, imezipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo. Orodha hiyo ina mistari: namba ya ploti, mwenyewe, ukubwa, thamani. Kodi yako ni thamani ile ikizidishwa kwa asilimia ambayo kaunti imepitisha. Namba ikifungwa kwenye kitabu cha kwanza, cha pili hakisikii kengele. Lazima mtu abebe karatasi kutoka dirisha moja hadi lingine, na kwenu hakuna aliyezibeba. Mzee alikuwa amechoka, soroveya alikuwa ameshalipwa, na nyinyi watatu mlikuwa mnashangilia hati.

Nisikuchekeshe sana, maana nimekaa meza hiyo. Kabla ya kaunti kuja 2013 nilikuwa karani wa kodi kwenye manispaa moja huku magharibi, na tulikuwa na mistari tuliyoiita "namba za marehemu". Ploti imekatwa vipande saba, vipande vitatu vimeshauzwa mara mbili, na kwenye orodha yetu bado ni shamba moja la mzee aliyezikwa zamani. Manispaa ilipokufa, kaunti ilirithi orodha na marehemu wote waliokuwamo. Kwa hiyo yule kijana wa dirishani hakukuzungusha. Alikuambia ukweli wa kitabu chake, na amekuelekeza vizuri kuliko wengi.

Sasa baba mdogo. Mwambie kwa heshima kwamba hapa mirathi haihitajiki. Ardhi ilitoka mikononi mwa baba yenu mwaka 2019 akiwa hai, ikasajiliwa kwa majina yenu. Alipofariki 2021 hakuwa na ploti hiyo ya kurithiwa. Kilichobaki kwa jina lake ni mstari kwenye orodha ya kodi, na mstari haurithiwi, unafutwa. Ila wewe unayesoma hapa na baba yako alifariki kabla hati hazijatoka, usichukue jibu hili uende nalo nyumbani. Wewe unahitaji hati ya usimamizi wa mirathi, na ithibitishwe na mahakama, jambo ambalo kwa kawaida haliwezekani kabla ya miezi sita tangu hati kutolewa. Ndipo ugawe, ndipo uje kwenye kodi.

Unaweza kuomba peke yako? Ndiyo. Wewe ni mmiliki aliyesajiliwa wa ploti yako, na una haki ya kuomba iandikwe kwa mstari wake. Mthamini wa kaunti akiifanyia kazi barua yako ya maombi atalazimika kuzigusa na zile mbili nyingine, kwa sababu ploti mama haiwezi kubaki na mguu mmoja. Lakini hiyo si kumwombea kaka kitu asichokitaka. Ni kuwaambia wenye kitabu jambo ambalo lilikwisha kutokea miaka mingi iliyopita. Saini yake ni nzuri ikipatikana, huondoa maswali. Asipotoa, nakala za hati na za fomu ya mgawanyo, ile ambayo masoroveya huiita mutesheni, zinasema yote.

Anzia mbali na dirisha la kodi. Nenda masijala ya ardhi uombe utafutaji rasmi wa namba zote tatu mpya, pamoja na ile ya zamani ili ithibitike imefungwa. Kisha tafuta nakala ya mutesheni iliyoidhinishwa. Soroveya wa mzee anaweza kuwa nayo, la sivyo iko ofisi ya upimaji. Ukishazipata, usiziweke tu kwenye bahasha. Kaa chini uzisome, hasa ukubwa. Nusu ekari ni kama hekta 0.2, na thumuni ni kama hekta 0.05. Hati yako ikisoma pungufu ya hapo, usikimbilie kusema umeibiwa. Wewe uko nyuma ya kaka, na mtu wa nyuma hafiki kwake kwa kuruka ukuta. Huenda soroveya alikata njia ya kuingilia. Kama njia hiyo ilitolewa iwe ya umma, tangu 2019 mmekuwa mkilipia kodi ardhi ambayo si yenu tena, kwa sababu orodha ya kaunti bado inahesabu nusu ekari nzima. Hilo litaje kwenye barua. Ni hoja ndogo, lakini mthamini akiiona anajua aliyeandika amesoma karatasi zake.

Barua yenyewe isiwe ya kulia. Sijui ni nani aliyetufundisha kuandikia ofisi kana kwamba tunaomba kulazwa. Kitu kama hiki kinatosha:

"Mimi ni mmiliki wa ploti namba hii, iliyotokana na kugawanywa kwa ploti namba ile mwaka 2019. Naomba rekodi ya ploti ya zamani ifungwe katika orodha ya uthamini, na ploti tatu zilizotokana nayo zithaminiwe na kuandikwa kila moja peke yake kwa jina la mwenyewe. Naomba pia deni lililo kwenye namba ya zamani ligawanywe kati ya ploti hizo tatu kulingana na thamani zake."

Ambatisha nakala za hati, matokeo ya utafutaji, mutesheni, kitambulisho, PIN ya KRA, na taarifa ya akaunti ya namba ya zamani pamoja na risiti zako. Ofisi ikiwa na fomu yake, jaza fomu na barua uiambatishe. Sheria zenyewe zimebadilika: zile mbili za zamani, Sura ya 266 na 267, zimeondolewa na sheria mpya ya kitaifa ya kodi ya ardhi na majengo (National Rating Act) ya mwaka 2024, kwa hiyo usishangae ukipewa karatasi tofauti na ile aliyojaza jirani yako. Peleka nakala mbili, moja irudi nawe ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na mhuri ni shajara yako tu. Na yule mtu wa veranda, mwenye faili kwapani na anayejua wakubwa wote kwa jina la kwanza, mpungie mkono upite. Ada kama ipo, ilipie kwenye njia rasmi ya kaunti upate risiti.

Kitakachofuata kinachukua muda. Mthamini huandaa orodha ya nyongeza, ambamo ploti zilizogawanywa, zilizounganishwa au zilizosahaulika huingizwa bila kusubiri orodha yote ifanywe upya. Orodha hiyo hutangazwa, watu hupewa siku za kuikagua na kupinga, kisha inathibitishwa. Hiyo si kazi ya wiki moja. Usiwaahidi sacco tarehe. Waulize dirishani kama katikati ya safari hiyo wanaweza kukufungulia akaunti ya muda kwa namba yako, ili cheti chako kitoke. Wakikubali, cheti hicho huenda kikamtosha mkopeshaji.

Hofu ya kaka yako ina ukweli kidogo, na ningekudanganya kama ningesema haina. Kwamba kila mmoja ataletewa Sh12,000, hapana. Thamani ya nusu ekari haiwezi kuandikwa mara tatu. Lakini pia usitarajie 12,000 ikatwe kama keki. Mthamini hathamini kwa futi peke yake. Ploti ndogo, kwa kila mita, kwa kawaida hununuliwa bei ya juu kuliko kipande kikubwa, na inayotazama barabara hushinda iliyo nyuma. Kwa hiyo jumla ya mistari mitatu inaweza kuzidi ule mmoja kidogo, na mzigo wa kipande cha mbele utakuwa mzito kuliko wa chako ingawa vyote ni thumuni. Kaka anajua hesabu hiyo, ndiyo maana amenyamaza miaka yote hii. Bili ya pamoja ni tamu kwa mwenye barabara.

Kuhusu ghorofa zake, mtulize. Utaratibu tuliouzoea sehemu nyingi za Kenya ni kuthamini ardhi tupu, kana kwamba hakuna kilichojengwa juu yake. Ghorofa haihesabiwi matofali. Kinachoweza kupandisha thamani ni matumizi ya ploti kubadilishwa, kwa mfano kutoka makazi kwenda biashara. Sheria mpya inaruhusu njia nyingine za kuthamini, na kaunti ikichagua njia inayotazama majengo itatangaza kwa kila mtu, si kwa sababu dada yake aliandika barua. Tena kama kuna kibali cha ujenzi ambacho hakukichukua, hilo ni la watu wa mipango ya mji. Ghorofa haifichiki nyuma ya namba ya marehemu. Inaonekana hata ukiwa kwenye matatu ya kwenda Lanet.

Na siku akitaka kuuza vyumba hivyo kimoja kimoja, atakuja kwangu na swali lako hilihili. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inaruhusu kila fleti iwe na hati yake, na kila hati inahitaji mstari wake wa kodi. Hapa Kisumu kuna watu wamenunua fleti nzuri, marumaru mpaka chooni, halafu bili bado ni moja ya ploti nzima na wanagombana kwenye kundi la WhatsApp nani alipe kwanza. Ugonjwa ni ule wenu, ila wao wanaugua wakiwa ghorofani.

Tuje kwenye deni, maana najua hapo ndipo uliporuka kusoma kwanza.

"Soma jina" ni jibu la ujanja, na si kweli. Kodi ya ardhi hukaa juu ya ardhi yenyewe. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inaitaja miongoni mwa mizigo inayoifuata ardhi hata kama haijaandikwa kwenye hati. Na anayetaka kuuza kwa kawaida huombwa cheti kama kile ulichoombwa wewe, cha kuonyesha hadaiwi. Kwa hiyo kaka yako anakaa juu ya deni na wapangaji wake kumi na wawili. Akitaka kuuza hata futi moja, atakutana na Sh51,400 ileile. Mwambie hivyo bila kupandisha sauti. Yeye pia amefungwa na namba ya baba, ila hajajaribu mlango.

Sasa chukua kalamu. Utanikasirikia kidogo, lakini twende.

Tuhesabu kwa ukubwa, kwa kuwa thamani mpya bado haijatoka. Wewe una robo ya ardhi ya mzee, kaka ana robo, mdogo wako ana nusu. Miaka sita, 2020 hadi 2025, kwa Sh12,000 ni Sh72,000 bila riba. Fungu lako la miaka yote sita ni Sh18,000. Umelipa 36,000, mara mbili ya fungu lako. Maana yake ni kwamba hata hiyo miaka mitatu uliyoacha kwa hasira, kwa hesabu ya familia umeshailipa, na bado unadai 18,000. Kaka anatakiwa kutoa 18,000. Na mdogo wako wa Kitale, yule wa elfu mbili akikumbuka, anatakiwa kutoa 36,000, ukiondoa alizokwisha kutuma.

Umeona? Barua yako nzima inamlilia kaka, na mwenye fungu kubwa ni mdogo wako. Kaka ni mkaidi na ana kodi ya wapangaji mfukoni, kwa hiyo ndiye anayeuma macho. Sisemi mdogo wako ni mwovu. Nusu ile ina nyumba anayokaa mama yenu, hapati hata shilingi kutoka kwayo, na pengine mtaamua nyote watatu mchangie sehemu ya mama. Huo ni uamuzi mzuri, lakini ufanywe ukijulikana kuwa ni zawadi kwa mama, si ukubebe wewe peke yako gizani. Na mthamini akimaliza, rudieni hesabu kwa thamani badala ya ukubwa. Huenda fungu la kaka likapanda na la Kitale likashuka.

Riba ni Sh15,400. Hiyo ibebeni wote kwa mafungu yaleyale: wewe 3,850, kaka 3,850, mdogo 7,700. Hapo sikutetei. Ulipoacha kulipa ulikuwa na haki ya kuchoka, lakini hukumwambia mtu, na riba ilikula kimyakimya kama mchwa kwenye boriti. Kaunti huwa zinatangaza msamaha wa riba mara kwa mara, zikitaka watu walipe deni la msingi. Uliza kama upo. Ukiwa na haraka ya mkopo usiukalie ukiusubiri, kwa sababu riba yenyewe hailali.

Kaunti, lakini, haijui hesabu zenu za mezani. Yenyewe inaona mwaka uliolipwa na mwaka usiolipwa. Ofisi ikikubali kugawa deni kama ulivyoomba kwenye barua, lipa lako na uachane na mengine. Ikisema deni la namba ya zamani liishe kwanza ndipo mgawanyo ufanyike, na ofisi nyingi husema hivyo, basi mna njia mbili: mchange, au wewe ulipe yote kisha uwadai. Mimi ningejaribu mchango kwa bidii, na kama mkopo wa sacco una maana kubwa kwako, ningelipa pengo linalobaki nikiwa na karatasi ya ndugu zangu mkononi.

Karatasi hiyo ndiyo inayoamua kama 36,000 zako zimezama. Ukurasa mmoja: tumekubali kodi ya miaka hii ilikuwa ya wote watatu, fulani amelipa kiasi hiki, naye anatudai hivi. Saini, namba za vitambulisho, baba mdogo awe shahidi. Usiichelewe. Sura ya 22 ya sheria zetu, ile ya ukomo wa muda wa kudai, huyapa madai yanayotokana na makubaliano miaka sita. Malipo yako ya kwanza ni ya 2020, kwa hiyo ya zamani zaidi yanagonga ukingo mwaka 2026. Deni likikiriwa kwa maandishi yenye saini ya mdaiwa, hesabu ya miaka huanza upya kuanzia siku ya saini. Ujumbe wa "sawa dada tutaona" si kukiri.

Ikishindikana kabisa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi Sh1,000,000. Ilianzishwa kwa sheria ya 2016, huhitaji wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Nimekutajia ili ujue mlango uko wapi, si ili uukimbilie. Mama yako ana hoja kuliko unavyodhani. Ukimshtaki kaka kwa elfu kumi na nane, msiba unaofuata mtakaa hema gani? Mtume baba mdogo kwanza. Kwa kuwa alikosea juu ya mirathi, mpe kazi hii irudishe heshima yake, na umpe hesabu hiyo imeandikwa vizuri kwa mkono, si kwenye simu. Wazee husikiliza karatasi.

Jambo moja la pembeni: tazama kama hati zenu ni za umiliki wa moja kwa moja au za ukodishaji wa miaka. Kama ni za ukodishaji, kuna malipo mengine ya kila mwaka yanayokwenda serikali kuu, na hayo pia yana akaunti ya zamani ya kugawanywa, kwenye ofisi nyingine kabisa. Watu wengi hulipa moja wakidhani wamemaliza yote mawili.

Kabla ya haya yote, mpigie mdogo wako wa Kitale. Usianze na kaka. Mwambie ana robo ekari, mweleze fungu lake limefikaje, na umuulize kuhusu sehemu ya mama. Ukienda kwa kaka mkiwa wawili mnaosema hesabu moja, hatakuwa na mtu wa kumwambia asome jina. Na risiti zako tatu zitoe nakala leo hii, upige na picha. Zile za karatasi laini wino wake hufifia, na ya 2020 sijui kama bado inasomeka.